Je, Mama Pweza Anapenda?



Majuma matatu yaliyopita mchungaji alituhubiria kutoka Isaya 49, na alipofika mstari wa 15 kanisa lote lilisimama. Mnakumbuka. Ni pale Bwana anapouliza kama mwanamke anaweza kumsahau mtoto wake anayenyonya. Kina mama wa upande wa kushoto wakapiga vigelegele, mmoja akapaza sauti, "Haiwezekani!" na sisi wote tukaitikia amina. Mimi pia nilisema amina, lakini niliisema kwa mdomo tu. Nilikuwa nimeendelea kusoma mstari mpaka mwisho, na nikaona kwamba Bwana hakujibu vile tulivyojibu. Yeye anakubali kwamba jambo hilo hutokea kwa akina mama. Asiyesahau ni Yeye.

Nimeombwa niandike kidogo kuhusu somo lile. Nimeandika, lakini nimepitia baharini kwanza. Nivumilieni.

Msichana wangu wa pili yuko chuo, anasomea mambo ya viumbe. Alipokuja likizo mwezi wa nne alinikuta jikoni nikikata pweza. (Najua kuna mpendwa ambaye tayari anafungua Walawi 11 anionyeshe kwamba kitu cha baharini kisicho na mapezi wala magamba si cha kuliwa. Amina, lakini mimi nimeolewa Mombasa, na Petro naye aliteremshiwa ile shuka katika Matendo 10. Tuendelee.) Akasimama mlangoni akaniambia, "Mama, unajua huyo alikuwa na mioyo mitatu?"

Sikujua. Basi jioni hiyo nikafundishwa. Pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa sababu pale damu yetu ina madini ya chuma, yake ina shaba. Ana chembe za neva kama milioni 500, na nyingi ya hizo hazimo kichwani, zimo kwenye minyiri yake minane, kiasi kwamba mnyiri mmoja unaweza kupekua chini ya jiwe kama una akili yake wenyewe. Nikaangalia kisu changu.

Kuna mmoja huko New Zealand aliyeitwa Inky, alikuwa kwenye tangi la maonyesho mjini Napier. Usiku mmoja mwaka wa 2016 mfuniko uliachwa na upenyo, naye akatoka, akatambaa sakafuni, akaingia kwenye bomba la maji la mita kama 50 linaloelekea baharini, na hajaonekana tena mpaka leo. Huko Indonesia wako wanaookota vifuu vya nazi chini ya bahari, wanavibeba chini ya mwili wakitembea kwa shida kama mtu aliyebeba karai, halafu wakiona hatari wanajifungia ndani yake. Na katika Bahari ya Shamu, ndiyo, ile ya Musa, watafiti waliwarekodi mwaka wa 2018 na 2019 pweza wakiwinda bega kwa bega na samaki, na mara kadhaa pweza akarusha mnyiri akampiga samaki mwenzake ngumi. Pweza hao ni wa aina ile ile tunayokula hapa pwani. Mara nyingine ilionekana anamfukuza kwenye chakula. Mara nyingine hakupata faida yoyote, alimpiga tu. Hapo tulicheka sana, maana sote wawili tumewahi kuhudumu kwenye kamati.

Halafu akanionyesha yule mama.

Pwani ya California, Marekani, kuna bonde refu chini ya bahari linaloitwa Monterey. Mwaka wa 2007 watafiti waliteremsha chombo kisicho na mtu ndani, kinachoongozwa kutoka kwenye meli, mpaka kina cha mita 1,400 hivi. Huko ni giza tupu na maji ni baridi kama ya friji. Wakamwona pweza jike akielekea kwenye mwamba. Waliporudi baada ya siku 38 walimkuta amejibandika kwenye ukuta wa mwamba ule, amefunika mayai yake kwa mwili. Walijua ni yeye kwa sababu ya makovu yake.

Wakarudi tena. Na tena. Walimtembelea mara 18 kwa jumla, na kila mara yuko pale pale, juu ya mayai yale yale, ambayo kila mara yalikuwa yamekua kidogo. Hawakuwahi kumwona akila. Kaa na uduvi walipita karibu, yeye akawasukuma tu wasiguse mayai. Siku moja wakatumia mkono wa kile chombo kumpa vipande vya kaa mdomoni kabisa. Hakutaka. Mwili ukasinyaa, ngozi ikapauka na kulegea, macho yakaingia ukungu. Mwezi wa tisa 2011 bado alikuwa pale. Mwezi wa kumi walipofika hayupo, na maganda ya mayai yamebaki matupu mwambani, kati ya 155 na 165. Watoto walikuwa wameondoka. Miezi 53, wapendwa. Miaka minne na miezi mitano. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kuatamia mayai muda mrefu hivyo.

Huku kwetu si miaka, ni majuma tu kwa sababu maji ni ya joto, lakini jambo ni lile lile. Ndugu mmoja wa kanisa letu aliyekulia kusini, upande wa Vanga, aliniambia kwamba maji yakipwa ukikuta pweza mwenye mayai shimoni hatoki hata ukimchokoza na kijiti, na ukimwacha utamkuta siku nyingine amelegea kama kitambaa. Mayai yakishapasuka anakufa. Watoto hawamjui, na yeye hawajui.

Nikaibeba hadithi hiyo mpaka ushirika wetu wa Alhamisi. Nikaisimulia vizuri, msinione hivi, na dada mmoja akatoa leso akapangusa macho. Nikahitimisha kwamba kama kiumbe wa gizani, asiye hata na mfupa, anajua kufa njaa kwa ajili ya watoto wake, sembuse sisi tuliookolewa. Nikapigiwa makofi. Nilipofika nyumbani nikamwambia msichana wangu, nikidhani atafurahi.

Akanyamaza kidogo. "Lakini mama, hukuwaambia habari ya tezi."

Sikuwaambia kwa sababu hakuwa amenieleza. Mwaka wa 1977 mwanasayansi mmoja wa Marekani, Jerome Wodinsky, alichukua pweza majike waliokwisha kutaga na wakawa wanaatamia, akawafanyia upasuaji, akatoa tezi mbili ndogo zilizo karibu na macho. Walipoamka waliyaacha mayai. Wakaanza kula. Wakanenepa, na wakaishi muda mrefu kuliko kawaida. Yaani kule kujinyima kote, kule kukesha, kule kufa, kulikuwa kunatoka kwenye tezi mbili. Na watafiti wengine walionyesha mwaka wa 2022 kwamba tezi hizo, pweza akishajamiiana, hubadilisha namna zinavyotumia kolesteroli na kutoa kemikali tofauti. Ndiyo hiyo. Tezi ikiwepo, mama anakufa kwa ajili ya watoto. Tezi ikitolewa, mama anatafuta kaa.

Nilikasirika, sitaficha. Nilihisi kama mtu amenipokonya kitu mkononi. Nikamwambia, "Kwa hivyo unasema si upendo, ni tezi tu?" Naye akanijibu kwa upole, "Mimi sijasema 'tu,' mama. Wewe ndiye umesema."

Kaneno hako kamenisumbua tangu siku ile.

Kwenye semina zetu za ndoa tunafundisha kwamba upendo si hisia, upendo ni uamuzi. Nimefundisha hivyo mwenyewe, nikiwa nimeshika kipaza sauti. Sasa kama ni hivyo, mama pweza hakupenda, maana hakuamua. Lakini nikamsifu mbele ya kina mama kwa sababu gani? Kwa sababu kila kitu ndani yake kilimvuta kwa mayai. Na Jumapili ile ya Isaya tulipiga vigelegele kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mama hawezi kusahau, imo ndani yake, damu ni nzito. Basi tunatumia mizani mbili. Tukitaka kumsifu mama tunasema ni maumbile. Tukitaka kumrekebisha mume tunasema ni uamuzi. Siku mizani hizo mbili zikigongana, kuna mtu anaumia katikati, na mimi najua kwa sababu niliwahi kuwa katikati hapo.

Haya sijawahi kuyaandika. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, upendo ulikuja na maziwa. Sikuamua chochote. Nilimwangalia, nikalia, nikawa tayari kupigana na simba. Kama ile haikuwa tezi sijui ni nini. Madaktari wanaijua hata homoni yake. Mwaka wa 2004 nikajifungua tena, mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na kitu. Wakaniwekea kifuani. Hakukuja kitu. Nilimwona kama mtoto wa mtu mwingine niliyeachiwa nimshikie mama yake akienda dukani. Nikangoja kesho yake. Nikangoja wiki. Mwezi ukaisha. Nilikuwa nikimnyonyesha nikiangalia ukuta. Usiku akilia nilisikia sauti, sikusikia mtoto.

Nikafanya kosa la kusema. Wakati huo nilikuwa nikiabudu mahali pengine, na katika kikundi cha maombi nikaomba niombewe kwa sababu simhisi mtoto wangu. Kulikuwa na ukimya. Halafu mmoja akasema mama asiyependa mtoto wake ana pepo, hata wanyama hupenda watoto wao. Nikawekewa mikono na kukemewa, nikaambiwa nifunge siku tatu, mimi niliyekuwa nanyonyesha. Siwalaumu sana sasa. Walitumia walichokuwa nacho. Lakini neno lile, hata wanyama, lilikaa ndani yangu kama mwiba wa samaki. Na angalieni, miaka yote hii imepita na mimi mwenyewe nikasimama Alhamisi moja nikasema maneno yale yale: hata kiumbe wa gizani, sembuse sisi. Nani alikuwa ameketi pale akinisikiliza, akiwa na mtoto mgongoni na moyo mkavu? Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata shida ya afya ya akili baada ya kujifungua, hasa huzuni kubwa. Hesabuni benchi moja la kina mama.

Kwa hiyo nilikosea Alhamisi ile, na nasema wazi. Wala si kwa sababu hadithi ilikuwa ya uongo. Nilimpa mama pweza sifa isiyo yake, na kwa sifa hiyo nikampiga mtu mwingine.

Fikirini yule kaa aliyewekwa mdomoni pake. Tulipolia, tulilia tukidhani alikuwa na njaa akajizuia. Lakini tezi ilikuwa imeiondoa njaa yenyewe. Hakujaribiwa. Mama yangu mzazi alipokuwa akitugawia ugali wote na kusema yeye ameshiba, hakuwa ameshiba hata kidogo; nilimwona baadaye akikwangua sufuria. Ugali ulimvuta, na akatuachia. Hapo kuna kitu ambacho sikioni kule Monterey, hata miezi ingekuwa mia.

Lakini sitaki pia kusema kwamba mama pweza hana kitu. Msichana wangu alinizuia nisikimbilie huko, na alikuwa sawa. Kama kutoka mwilini kunafanya upendo usiwe upendo, basi nilimdanganya mzaliwa wangu wa kwanza, na kina mama wote waliopiga vigelegele walikuwa wakishangilia kemikali. Siamini hivyo. Ni nani aliyetia tezi pale? Mungu akitaka mayai 160 yalindwe gizani miaka minne, na akaiweka kazi hiyo ndani ya mwili wa kiumbe badala ya kumwachia aamue kila asubuhi, mimi naona huo ni ukarimu. Kwa mama pweza, na kwangu siku ile ya mtoto wa kwanza, nilipopewa bure. Zawadi ni kitu halisi, hata kama aliyepewa hana cha kujivunia.

Na kuna siku zawadi haiji. Someni Ayubu 39, kuanzia mstari wa 13, habari za mbuni. Anaacha mayai yake mchangani, hafikirii kwamba mguu unaweza kuyakanyaga, anawatendea watoto wake kana kwamba si wake. Nilipousoma mara ya kwanza nikiwa na mtoto mchanga nilijiona mimi. Lakini angalieni Bwana anavyolieleza jambo hilo. Hamkemei mbuni. Anasema Yeye mwenyewe hakumgawia hekima hiyo. Hakuna pepo katika mistari hiyo. Kuna kiumbe aliyenyimwa kitu ambacho mwingine amepewa, na Mungu anayemzungumzia karibu kwa kumpenda, akisifu mbio zake.

Sasa, mama pweza aliyetolewa tezi aliyaacha mayai. Mimi, ambaye yangu haikufanya kazi, sikuondoka. Ningetaka kusema ni kwa sababu mimi ni mwanadamu na niliamua, na kwa sehemu ni kweli. Nilikuwa naamka saa nane usiku, naamka saa kumi, bila kuhisi chochote, kwa sababu mtoto anahitaji kunyonya. Kama upendo ni uamuzi, basi yule wa pili nilimpenda kuliko wa kwanza, na ajabu ni kwamba ndiye ambaye watu walisema simpendi. Nimekaa na wazo hilo nikiosha vyombo, likaniponya kidogo.

Lakini si kweli yote, na sitaki kuwapa ushuhuda wa uongo. Kuna asubuhi sikuamka. Uamuzi uliisha kama tokeni za stima. Jirani yangu wa chumba cha pili, mama Mswahili, Mwislamu, alisikia mtoto amelia muda mrefu akaja kugonga. Hakuniuliza kama nampenda. Alimchukua, akamwogesha, akamkanda kwa mafuta ya nazi, akaniletea uji, akamrudisha kwangu wakati wa kunyonya tu. Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Karibu miezi miwili. Mtoto hakuwa wake, tezi yoyote haikumhusu. Na mimi nikawa ninalala. Kufika mwezi wa nane hivi, bila siku ninayoweza kuitaja, nikaanza kumwona mtoto. Alikuwa na kishimo shavuni. Kilikuwepo siku zote.

Ndiyo maana siwezi kumhukumu mama ambaye hakuamka hata kidogo na hakupata wa kugonga mlango. Kama uko hivyo saa hii, nenda kliniki, waambie wazi, hiyo ni hali inayotibiwa. Na ukitaka kuombewa njoo kwangu, sitakuuliza habari za pepo. Mama pweza yuko peke yake mwambani. Hakuna pweza mwingine anayekuja kushika zamu. Sisi hatukuumbwa hivyo, na nadhani ile kazi ambayo Mungu aliiweka yote ndani ya tezi mbili za pweza, kwetu ameitawanya, nyingine mwilini, nyingine kwenye utashi, nyingine kwa jirani. Ikipotea mahali pamoja haijapotea yote. Kama upendo wa mama unaitwa upendo hata ukifanywa na watu watatu, sina uhakika neno ni hilo, lakini mtoto aliishi.

Na Isaya ninamsoma tofauti sasa. Zamani niliogopa pale Bwana anapokubali kwamba mama anaweza kusahau. Siku hizi ndipo ninapotulia, kwa sababu aliyesema hivyo alikuwa ananijua kabla sijajua mwenyewe, na hakuacha kuongea nami.

Niliyaandika haya kwa mkono, nikamwachia msichana wangu mezani kabla sijaleta ofisini, kwa sababu yanamhusu kuliko mtu yeyote na sikutaka ayasome kanisani. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Alichukua muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja, lile mnalolifikiria. Hakuliuliza. Aliniuliza, "Yule mama aliyekuwa akiniogesha yuko wapi?"

Nikamwambia alihamia Likoni kwa binti yake, sasa ni mzee, magoti yanamsumbua. Jumamosi tulivuka feri. Msichana wangu alikuwa amenunua kanga na chupa ya mafuta ya nazi. Yule mama hakumtambua mpaka alipocheka.